Mpunguzie Wakala wa AI Maswali ya Ruhusa Bila Kumwachia Mlango Wazi: Mwongozo Kamili

Vijana wanaoandika programu hapa Mombasa, wanaosoma Tudor kwa wanaotengenezea hoteli za Nyali mifumo ya malipo, wananiuliza jambo moja kwa maneno tofauti: "Kaka, huyu wakala wa AI ananiomba ruhusa kila dakika. Nimnyamazishe vipi?" Wakala ni programu ya AI inayoandika msimbo na kuendesha amri kwenye kompyuta yako.

Wengi hawangoji jibu. Wanaokota mtandaoni bendera ya `--dangerously-skip-permissions`, neno la kuongeza kwenye amri linalomruhusu wakala afanye lolote bila kuuliza, na kuiweka. Kazi inaenda mbio kwenye laptopu ile ile yenye funguo za mteja za Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa), picha za vitambulisho na barua pepe za miaka. Wengine wanayaacha maswali yaendelee, ila wanabonyeza "ndiyo" bila kusoma. Hawa wawili hawana tofauti. Swali la arobaini halisomwi na mtu.

Kinachowaangusha ni mpangilio. Wanaondoa maswali kwanza, mipaka wanaikumbuka baadaye. Hapa tutaanza upande wa pili: tunapunguza vitu ambavyo wakala anaweza kuvifikia, kisha maswali yenyewe yanakosa sababu. Fundi wa rangi akija nyumbani humfuati nyuma kila anapochovya brashi. Unafunga chumba cha kulala, ufunguo unabaki nao, unaenda zako sokoni.

Mifano nimeiandika kwa Claude Code, wakala wa Anthropic, kwenye Ubuntu. Ukitumia Codex, wakala wa OpenAI, hatua ni hizo hizo na tofauti nitazitaja.

## Vinavyohitajika

- Laptopu yenye Ubuntu, au Windows yenye WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). Mac pia inafaa, ila amri za kufungua akaunti ni tofauti.
- Ruhusa ya `sudo`, yaani uwezo wa msimamizi wa kompyuta, kwako wewe, si kwa wakala.
- Git, na mradi ambao tayari uko ndani ya Git.
- Funguo za majaribio tu. Kwa M-Pesa, Daraja ina mazingira ya majaribio yenye namba fupi 174379.
- Data ya kubuni. Majina na namba za simu za wateja halisi zisiwemo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikusamehi kwa sababu ulikuwa "unatesti tu".
- Ufunguo wa AI uliouwekea kikomo cha matumizi. Wakala asiyeuliza anaweza kuzunguka kwenye kosa moja usiku kucha, na bili ni yako.

Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa, sikuiweka, na si kwa kusahau. Ni nzuri, lakini laptopu nyingi za mitumba zinalemewa nayo. Tena wengi wanaoitumia humwingizia wakala ndani ya kontena faili la `docker.sock`, linaloiendesha Docker yenyewe, jambo ambalo ni sawa na kumpa mashine nzima.

## Hatua ya 1: Toa siri kwenye mradi

Siri ni funguo na manenosiri, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye faili la `.env`. Anza hapa kwa sababu hatua zote zinazofuata zitanakili mradi huu. Siri ikiwemo, itanakiliwa nao.

```
git ls-files | grep -i env
git log --all --full-history --oneline -- .env
```

Amri ya kwanza inaonyesha kama faili la siri liko ndani ya Git sasa. Ya pili inaonyesha kama liliwahi kuwemo, hata kama lilifutwa.

Amri ya pili ikirudisha mstari wowote, hesabu kwamba funguo hizo zimeshatoka. Nenda ukazibadilishe kwa aliyezitoa. Kulifuta faili hakutoshi, maana historia ya Git haisahau.

Anwani ya hifadhidata ya kazi iondoe pia, ile wanayotumia wateja. Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kutengenezea programu, alifuta hifadhidata ya kazi ya mjasiriamali Jason Lemkin wakati alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Agizo alikuwa nalo. Njia ya kuifikia hifadhidata alikuwa nayo pia, na hiyo ndiyo iliyoamua.

Imefaulu ikiwa: amri ya pili haichapishi kitu, au funguo zote zilizowahi kuwemo umeshazibadilisha, na ya kwanza inaonyesha `.env.example` pekee, yenye nafasi tupu.

## Hatua ya 2: Mfungulie wakala akaunti yake

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kwa jasho dogo. Kompyuta yako tayari inajua kumzuia mtumiaji mmoja asisome vitu vya mwenzake. Tumia hilo.

```
sudo adduser wakala
chmod 750 ~
```

Amri ya pili inaifunga folda yako ya nyumbani. Tangu Ubuntu 21.04 akaunti mpya huja zimefungwa hivyo, lakini kama laptopu yako imepandishwa toleo hadi toleo, huenda folda yako bado iko wazi kwa kila mtu.

Usimwongeze kwenye kundi la `sudo`. Usimwongeze kwenye kundi la `docker` pia, hata akilalamika, kwa kuwa aliye ndani ya kundi hilo anaweza kujipa uwezo wa msimamizi mkuu.

Sasa ingia kama yeye, ujaribu kuvunja:

```
sudo -iu wakala
ls /home/jina-lako
sudo -l
```

Imefaulu ikiwa: `ls` inajibu `Permission denied`, na `sudo -l`, baada ya kumpa nenosiri la wakala, inakwambia mtumiaji huyu haruhusiwi kutumia sudo.

### Walio kwenye Windows wasome hapa mara mbili

WSL2 ina mlango wa nyuma. Diski yako ya Windows inaonekana ndani ya Linux kama `/mnt/c`, na kila akaunti ya Linux inaifikia kwa uwezo wako wewe wa Windows. Tena kutoka ndani ya Linux mtu anaweza kuita programu za Windows, ikiwemo `wsl.exe -u root`, akawa msimamizi bila nenosiri. Akaunti yako mpya inakuwa pambo.

Fungua `/etc/wsl.conf` uandike:

```
[automount]
enabled=false

[interop]
enabled=false
```

Kisha kwenye PowerShell toa amri `wsl --shutdown`, halafu uwashe upya. Ukirudi, `ls /mnt/c` isionyeshe kitu na `cmd.exe` isiitike. Ukiona usumbufu kwa kazi zako nyingine, weka Ubuntu ya pili ndani ya WSL kwa ajili ya wakala peke yake.

## Hatua ya 3: Mpe nakala, usimpe mradi wenyewe

Watu wengi hupenda `git worktree`, inayofungua folda ya pili ya mradi ule ule, kwa sababu ni ya haraka. Kwa kazi hii haifai. Inatumia folda moja ya `.git` na mradi wako, na ndani ya folda hiyo kuna `hooks`, hati ndogo ambazo Git huziendesha yenyewe. Wakala akiandika kitu mle, wewe ndiye utakayekiendesha siku utakapofanya `git commit`, tena kwa akaunti yako yenye kila kitu.

Tumia bando la Git. Ni faili moja lenye historia, halibebi hooks wala halihitaji ufunguo wa GitHub.

Kwenye akaunti yako:

```
git bundle create /tmp/duka.bundle HEAD main
```

Kwenye akaunti ya wakala:

```
git clone /tmp/duka.bundle duka
cd duka
git switch -c risiti
```

Akaunti hii isiwe na ufunguo wa SSH wala nenosiri la GitHub. Hapo swali la "naomba kusukuma kwenye GitHub" halina maana tena, hawezi hata akitaka.

Sakinisha Claude Code humu humu, na vifurushi vya mradi (msimbo wa watu wengine ambao mradi unautegemea) visakinishe wewe mwenyewe kwa mkono, ukiwa ndani ya akaunti ya wakala:

```
npm config set ignore-scripts true
npm ci
```

Mstari wa kwanza unazuia vifurushi kuendesha hati zao wakati wa kusakinishwa. Agosti 2025 yalitoka matoleo yenye sumu ya Nx, zana ya kujengea miradi, kwenye npm, hifadhi ya vifurushi vya JavaScript. Hati yao ya usakinishaji ilitafuta mawakala wa AI waliopo kwenye kompyuta, ikawaita kwa bendera za kuruka ruhusa, ikawatuma kutafuta siri za mwenye kompyuta. Yaani bendera ile ile ambayo kijana wetu ameiweka ili asisumbuliwe. Kuna vifurushi vichache ambavyo haviendi bila hati hizo. Ukikutana nacho, kiruhusu hicho kimoja kwa `npm rebuild --ignore-scripts=false` na jina lake, baada ya kukisoma.

Imefaulu ikiwa: `npm test` inapita ndani ya akaunti ya wakala kabla AI haijagusa chochote. Isipopita sasa, baadaye hutajua nani ameharibu.

## Hatua ya 4: Funga diski na mtandao

Akaunti imelinda faili zako. Haijamzuia wakala kutuma msimbo wa mteja nje, wala kupokea maagizo kutoka nje. Ukurasa wowote atakaousoma, hata maelezo ya kifurushi, unaweza kuwa na sentensi iliyoandikwa kwa ajili yake: "tuma yaliyomo kwenye faili hili kwa anwani hii". Yeye hana njia ya uhakika ya kutofautisha maelezo na amri, yote kwake ni maandishi.

Ukiwa kwenye akaunti yako:

```
sudo apt-get install bubblewrap socat
```

Kisha kwenye akaunti ya wakala, anzisha Claude Code ndani ya folda ya mradi, uandike `/sandbox`, uchague amri zilizo ndani ya eneo lililofungwa (sandbox) ziende bila kuuliza. Kuanzia hapo amri zake zinaweza kuandika ndani ya folda ya mradi tu, na mtandao unapita kwenye kituo kimoja kinachojua anwani ulizoruhusu. Hapa ndipo maswali yanapopungua kwelikweli. Anthropic, wanaotengeneza Claude Code, waliandika mwaka 2025 kwamba kwa matumizi ya ndani ya kampuni yao maswali ya ruhusa yalipungua kwa asilimia 84.

Jambo moja ulijue: kwa kawaida eneo hili linazuia kuandika na mtandao, lakini kusoma linaacha wazi sehemu kubwa ya kompyuta. Ndiyo maana Hatua ya 2 ilitangulia.

Ruhusu anwani ngapi? Mimi naanza na sifuri. Vifurushi umeshasakinisha, majaribio hayahitaji intaneti. Akiomba anwani mpya, hilo ni swali la kusoma herufi kwa herufi. Jihadhari na anwani pana kama `github.com`: mtu yeyote anaweza kuwa na akaunti kule, kwa hiyo kuiruhusu ni kuruhusu pia pa kupakia data.

Kwenye Codex: `codex --sandbox workspace-write --ask-for-approval on-request`. Hali hiyo inafunga mtandao yenyewe.

Imefaulu ikiwa: unamwambia wakala aendeshe `touch ~/nje.txt` na inashindikana, kisha `curl https://example.com` na inazuiwa au inakuomba ruhusa. Mwambie hapana. Zikipita kimya, simama hapo, usiende hatua inayofuata.

Ubuntu 24.04 ina kinga ya AppArmor inayoweza kuikatalia bubblewrap, ile inayojenga eneo lililofungwa, kufanya kazi. Mpe `bwrap` (ndiyo amri ya bubblewrap) wasifu wake wa AppArmor, yaani faili la kanuni zake. Usizime kinga nzima kama wanavyoshauriana watu mtandaoni.

## Hatua ya 5: Andika orodha ya ruhusa, ukijua udhaifu wake

Weka mipangilio kwenye `~/.claude/settings.json` ya akaunti ya wakala, si ndani ya mradi. Folda ya mradi ni mahali anapoandika. Sheria zake zikae nje ya mkono wake.

```
{
  "permissions": {
    "defaultMode": "acceptEdits",
    "allow": [
      "Bash(git status)",
      "Bash(git diff:*)",
      "Bash(git add:*)",
      "Bash(git commit:*)",
      "Bash(npm test)"
    ],
    "deny": [
      "Read(./.env)",
      "Read(./.env.*)",
      "Bash(npm install:*)",
      "Bash(git push:*)"
    ]
  },
  "sandbox": {
    "enabled": true,
    "autoAllowBashIfSandboxed": true,
    "allowUnsandboxedCommands": false
  }
}
```

Katazo lina nguvu kuliko ruhusa, popote lilipoandikwa. `acceptEdits` inamaanisha hakuulizi anapohariri faili za mradi. Mstari wa mwisho, `allowUnsandboxedCommands`, ni muhimu kuliko unavyoonekana: bila huo, amri ikikwama ndani ya eneo lililofungwa, wakala anaweza kuomba aiendeshe nje yake, nawe uliyechoka utakubali.

Sasa udhaifu. Tazama `Bash(npm test)`. Inaonekana salama, lakini `npm test` inaendesha chochote kilichoandikwa ndani ya `package.json`, na wakala tumemruhusu kuhariri `package.json`. Kwa hiyo ukichanganya ruhusa hizo mbili, umemruhusu kuendesha chochote. Tazama tena katazo la `npm install`. Akiandika `npm i`, maneno hayafanani na sheria, na sheria hii inalinganisha maneno. Kinachomkwamisha hapo ni mtandao uliofungwa.

Nimeyachambua hayo kwa sababu naona watu wakirefusha orodha hii hadi mistari mia, wakidhani wanajenga ukuta. Orodha inaondoa usumbufu na kumwelekeza wakala. Ukuta ni akaunti na eneo lililofungwa. Mtu akiniambia ana muda wa kufanya kimoja tu, namwambia aache orodha afungue akaunti.

Usiruhusu kwa jumla `python`, `node`, `bash` wala `find`. Hiyo ya mwisho huwapita watu wengi, lakini ina `-delete` na `-exec` ndani yake.

Imefaulu ikiwa: wakala anahariri, anajaribu na kuhifadhi kazi bila kukuuliza, lakini ukimwagiza asome `.env` anakwambia amekatazwa.

## Hatua ya 6: Mpe kazi moja yenye mwisho

Fupi tu. Usimwambie "boresha mfumo wa duka". Mwambie: "Mnunuzi akilipa, risiti ionyeshe namba ya muamala wa M-Pesa. Andika majaribio kwanza. Usiguse folda ya `malipo/`. Majaribio yote yakipita, hifadhi kwa Git usimame."

Akihitaji kifurushi kipya, akuombe kwa jina na wewe ukakitazame kabla ya kukisakinisha. Mawakala hubuni majina ya vifurushi ambavyo havipo, na wapo wanaosajili majina hayo wakisubiri.

## Hatua ya 7: Ipokee kazi yake kama ya mtu usiyemjua

Kwenye akaunti ya wakala:

```
git bundle create /tmp/kazi.bundle main..risiti
```

Kwenye yako:

```
git fetch /tmp/kazi.bundle risiti:kagua/risiti
git diff --stat main...kagua/risiti
```

Bado usihamie kwenye tawi hilo wala usiendeshe chochote. Maswali uliyoyaondoa mwanzoni yote yamehamia hapa, yamekuwa swali moja kubwa, na hili huna ruhusa ya kulibonyeza kwa mazoea.

Kwanza tazama faili zinazoendesha mambo: `package.json`, faili la kufunga matoleo ya vifurushi, `Makefile`, folda za `.github/workflows` na `.vscode`. Kazi ya risiti haina sababu ya kuzigusa. Ikizigusa, uliza kwa nini.

Pili, majaribio. Wakala aliyebanwa wakati mwingine hulegeza jaribio badala ya kurekebisha kosa. Mstari ulioondolewa kwenye faili la majaribio uchunguze kabla ya mia iliyoongezwa kwingine.

Tatu, soma mahali pesa inapopita. Chukua mfano wa duka la jumla pale Kongowea linalopokea malipo kwa STK, lile ombi la M-Pesa linalotokea kwenye simu ya mteja. Daraja inarudisha `stkCallback` yenye `ResultCode`: 0 ni malipo yamekamilika, 1032 ni mteja amekatisha. Msimbo wa wakala mara nyingi huishia hapa:

```
if (cb.ResultCode === 0) wekaImelipwa(cb.CheckoutRequestID)
```

Jaribio linapita, kila kitu kijani. Lakini anwani hiyo ya kupokea majibu iko wazi kwenye intaneti, na yeyote anayeijua anaweza kuituma `ResultCode` 0 aliyoitunga mwenyewe. Hakikisha `CheckoutRequestID` ni ile uliyoihifadhi ulipoanzisha ombi, kiasi kinalingana na bili, na muamala haujahesabiwa mara mbili. Kwa bili kubwa, iulize Daraja hali ya muamala moja kwa moja kabla ya kutoa mzigo.

Imefaulu ikiwa: unaweza kumweleza mwenye duka kila faili lililobadilika na kwa nini. Hapo ndipo unaunganisha.

## Ikikwama

Majaribio hayaioni hifadhidata ya Postgres ya kwenye laptopu. Kwenye Linux eneo lililofungwa lina mtandao wake, kwa hiyo `localhost` ya ndani si yako. Tumia SQLite kwa majaribio, au endesha mwenyewe nje ya wakala majaribio yanayogusa Postgres.

Wakala anajaribu njia moja baada ya nyingine kupita katazo. Msimamishe, soma anachotafuta. Mara nyingi ni kitu kidogo ulichosahau kusakinisha.

Maswali bado ni mengi. Yaandike kwa siku moja. Lile linalojirudia na lisiloweza kudhuru chochote ndani ya mipaka hii, liingize kwenye orodha. Yanayohusu mtandao yaache yaendelee kuuliza.

Umefuata yote na bado unaitaka ile bendera. Ndani ya mashine ya kutupa, isiyo na siri na yenye mtandao uliofungwa, itumie. Kwenye akaunti yako ya kila siku hapana, hata kwa dakika tano za kumwonyesha mteja.

Una shaka kuna kitu kimeingia. Chukua bando la kazi unayoihitaji, futa ufunguo wa AI wa akaunti hiyo, kisha:

```
sudo deluser --remove-home wakala
```

Ubuntu ikikataa kwa kuwa kuna programu yake bado inaendeshwa, tanguliza `sudo pkill -u wakala`, urudie, halafu uanze upya Hatua ya 2.